Santuri Iliyomlilia Lenah

Sarang'ombe, Kibera
15 Machi 1976

Dada yangu Lenah,

Nakusalimu wewe, nakusalimu mama, na wote wanaolala chini ya paa lenu hadi kuku. Mimi naamka, nakula, naenda kazini, kwa hiyo sema niko mzima. Kambi ya barabara kule Naivasha ilifungwa mwezi wa kwanza, na sasa napasua mawe kwenye machimbo huku nyuma ya Kibera. Ni kazi ya kuua mtu polepole. Wiki iliyopita jiwe lilimwangukia mwenzetu mmoja Mkamba likamkata vidole. Msimamizi akasema vidole vifukiwe upesi tuendelee na kazi. Tukavifukia kama maharagwe, mwenyewe akitutazama.

Mguu wa mama unaendeleaje? Na jicho lako, lile ulilosema lilichomwa na ukuni, limepona? Hukuniambia tena. Naandika Kiswahili kama kawaida yetu, kwa sababu barua ya lugha yetu katekista Khamala huisomea kijiji kizima kabla mama hajaisikia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jana Jumapili nilikwenda Kawangware kumwona shemeji Wekulo. Uliniandikia kwamba ulimwacha salama ukaenda kumtunza mama, nami tangu nirudi Nairobi sijamjulia hali. Katika chumba chenu nilikuta watu wengine. Nikaingia kwa yule jirani yenu Nereah, anayeuza pombe ya busaa, nimuulize. Kabla sijakaa nikasikia sauti ya Wekulo, lakini yeye mwenyewe hayupo. Ilikuwa inatoka kwenye gramafoni.

Dada, mume wako ametoa santuri. Si ile ndogo ya nyimbo mbili. Ni ile kubwa, nyimbo tano huku, tano huku, na jalada lenye picha yake amekaa juu ya kigoda, kichwa kimeinama, koti jeusi. Nilisimama pale mlangoni na kofia yangu mkononi. Nitakuambia nilivyosikia, usinicheke.

Wimbo wa kwanza ni wa mtu anayefunga mlango, anaenda zake, anarudi kuhakikisha kama ameufunga, anaenda, anarudi. Basi, hakuna kingine. Lakini ukiusikiliza unaanza kuogopa mlango. Wa pili ni mvua juu ya mabati, na gitaa lenyewe linadondoka kama mvua. Wa tatu ni shati alilofuliwa na mke wake likaachwa kwenye kamba mpaka jua likalila. Wa nne anazungumza na mkono wake. Anauliza mkono, ulikuwa wapi, ulilala na nani, mbona unanuka chuma. Huo sikuupenda. Nywele zilinisimama, lakini sikuupenda. Mle ndani walevi walikuwa wameacha kunywa. Fundi mmoja wa viatu alikuwa analia bila kuona haya, kamasi mpaka kwenye kikombe.

Kitu kimoja kilinisumbua. Chupa haipo. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpigia chupa ya soda kwa msumari, ting, ting, na gitaa linakufuata. Hapa gitaa liko peke yake, linatembea kama mtu aliyepoteza kiatu kimoja. Nikamuuliza mtu wa karibu nami, mbona hakuna chupa. Akasema, "Hapo ndipo utamu ulipo, bwana. Sikia vile yuko mpweke."

Wakageuza santuri. Katika wimbo wa kwanza wa upande wa pili anaita jina lako. Si Lenah tu. Lenah wa Musimbi, kwa jina la mama, Lenah wa Shinyalu. Anasema nimekuosha, nimekuvika, nimekulaza udongoni kwa mikono hii. Ni kilio cha maziko kabisa, kama kile wazee wetu wanachoimba asubuhi maiti ikiwa bado ndani.

Nikapiga kelele. Nikasema huyo ni dada yangu, si maiti, yuko nyumbani kwetu Shinyalu analima maharagwe. Wakacheka. Mmoja akasema, "Basi mwambie atuletee maharagwe kutoka mbinguni." Nikaendelea kubisha. Nereah akatoka nyuma, akanipiga kofi ambalo bado nalisikia, akanimwagia busaa usoni, akanisukuma mpaka nje matopeni. "Nenda," akasema. "Funga hilo domo lako uende." Mwanamke ambaye tumekula naye samaki nyumbani kwako.

Kwa nini mumeo anaimba umekufa? Nijibu upesi.

Mimi ndugu yako,
Shiundu

*

Shinyalu
29 Machi 1976

Ndugu yangu Shiundu,

Barua yako imenifika, nami nakurudishia salamu zako zote, za kuku pia. Mama anatembea kwa fimbo. Mvua imekuja vizuri na maharagwe yametoka. Ng'ombe wa baba mdogo alimpiga pembe mtoto wa Shivachi tumboni, wakamshona Kakamega, anaishi.

Wimbo huo umefika hata huku. Uliimbwa redioni jioni ya Jumamosi katika salamu za wasikilizaji. Jumapili asubuhi nilisikia vilio kutoka barabarani. Wanawake walikuwa wanakuja mstari mzima, mikono kichwani, wengine wamebeba kuni, wengine unga, mmoja jogoo. Wanaume nyuma yao. Nilidhani amekufa mtu wa kwa jirani. Mimi mwenyewe nikawafungulia lango. Shangazi Sella alikuwa mbele, analia "Lenah wee, umetuachia nani." Aliponiona aliangusha kuni miguuni mwake, akakaa chini. Wengine walikimbia. Jogoo akabaki kwetu.

Shangazi aliporudiwa na pumzi akasema mtu akililiwa kwa jina lake, kwa kilio kile, mauti hayarudishwi mikono mitupu. Akataka achinjwe kondoo, nivuliwe nguo, nipakwe kinyesi cha kondoo huyo mgongoni. Mama akamrukia na mwiko. Alimpiga mara nyingi, Shiundu. Shangazi amepasuka juu ya nyusi, na yule ni dada ya baba yetu. Sijawahi kumwona mama hivyo. Kisha alikaa jikoni siku nzima akinishika mkono kama mtoto anayeweza kupotea sokoni.

Kuhusu Wekulo sina la kukuandikia. Wimbo ni wimbo.

Jicho ni lile lile nililokwambia.

Kofi la Nereah lipokee. Ukimwona, mwambie namsalimu sana. Na nakuomba kitu kimoja tu. Usiseme tena mahali popote kwamba niko hai. Ukisikia wanasikitika, waache wasikitike. Wewe inamisha kichwa, unywe chako, uende. Usiniulize sababu.

Lenah

*

Sarang'ombe, Kibera
19 Aprili 1976

Dada Lenah,

Pasaka imepita, tumepewa siku moja ya kulala. Nasalimu wote. Shangazi mwambie pole kwa jeraha, na mama mwambie mwiko ni wa ugali.

Barua yako imenifikia juzi tu. Ilikaa dukani wanakopokelea barua zetu, chini ya magunia, mpaka panya wakaanza kuisoma. Naandika hili kwanza ili ujue kwamba jambo nililolifanya, nililifanya kabla sijapata neno lako.

Wekulo alikuja machimboni. Siku ya Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, saa ya chakula. Mtu wa kule kwa Nereah alimfikishia maneno yangu. Alishuka kwenye shimo na viatu vyake vya ngozi, akapiga magoti juu ya kokoto mbele ya watu wote wanaokula, akanishika suruali. "Shemeji," akasema, "ni kweli? Yuko hai?" Nikasema ndiyo, yuko hai, kwani nani alikwambia amekufa. Akalala kifudifudi juu ya mawe, akalia mpaka wenzangu wakaacha kula.

Niliona ni mtu aliyedanganywa na walimwengu. Nilimwonea huruma. Nikamwambia kila kitu. Uko kwa mama, nyumba ni ya tatu baada ya kinu cha mahindi, mama anaumwa mguu, unalima. Kwa kuwa hakuwahi kufika kwetu nilimchorea njia kwa kijiti mchangani. Alicheka akilia. Akanishika uso kwa mikono yake miwili na hapo nikaona kiganja chake cha kulia. Kina makovu ya kioo, si ya zamani sana, kama mtu aliyeshika chupa iliyovunjika akaibana kwa nguvu.

Sikufikiri wakati ule. Mtu akivunja mawe siku nzima kichwa nacho kinakuwa cha jiwe. Barua yako ilipofika nikaisoma, nikaona usichokisema, ndipo nikaanza kufikiri. Mkono unaonuka chuma. Chupa haipo. Jicho lako la ukuni.

Anasema atakuja kukuchukua. Alisema, "Nitakwenda kumchukua mke wangu," nami nikampa mkono.

Lenah, sema. Mimi nina nyundo ya ratili kumi na mbili, na ninajua kuipiga mahali ninapotaka. Sema tu.

Shiundu

*

Shinyalu
2 Mei 1976

Ndugu yangu,

Tu wazima. Mama hajui ninaandika nini, anadhani naagiza sabuni.

Utasikia basi, kisha hutaniuliza tena.

Tulikuwa tumeitwa kurekodi, mwezi wa tisa mwaka jana, kwenye chumba kimoja River Road. Tulipiga wimbo mmoja mara nyingi. Yule bwana wa mitambo akasimamisha, akasema, "Mama wa chupa yuko sawa. Ni wewe wa gitaa unachelewa. Mfuate mama." Watu wakacheka kidogo. Si kicheko kibaya. Wekulo pia alicheka. Alitabasamu njia nzima mpaka Kawangware, akaninunulia hata ndizi.

Tulifika nyumbani jua bado liko juu. Akafunga mlango. Akasema, "Haya, piga nikufuate." Nikapiga. Akasema piga tena. Nikapiga. Akasimama akaliweka gitaa kitandani, akalifunika blanketi vizuri hadi shingoni lisije likaumia. Hapo nilijua. Akanitoa chupa mkononi, akaivunja kwenye mwimo wa mlango, akanipiga nayo usoni. Sikusikia uchungu kwanza, nilisikia maji. Nilipoanguka alitumia miguu. Aliposhusha pumzi aliniita jina, nami sikuwa na nguvu za kuitika, na nadhani hata ningekuwa nazo nisingeitika. Akaona nimekufa. Akachukua gitaa akakimbia.

Nereah ndiye aliyenibeba mgongoni. Hospitali aliniandikisha kwa jina la mdogo wake, Akoth, Wekulo asije akanitafuta. Alipokuja kuulizia baada ya wiki, Nereah alimwambia nimekufa, watu wetu wamechukua maiti, na ndugu zangu wanamtafuta na mapanga. Hiyo ndiyo iliyoniponya. Hakuja kwa sababu nilikuwa maiti.

Jicho haliumwi, Shiundu. Halipo. Ukifika nyumbani utaona ninafunga kitambaa.

Haikuwa mara ya kwanza, ila ilikuwa ya kwanza kwa chupa.

Sasa Wekulo amemtumia mtu wa kinu habari kwamba anakuja. Ametuma salamu kwa dereva wa basi, kwamba mwisho wa mwezi huu yuko hapa na wazee wawili, na sukari, na blanketi la mama. Wazee wetu wamefurahi. Baba mdogo anasema mwanamume aliyelia redioni namna ile ni mtu wa mapenzi, nirudi kwake. Unaona nilipo. Nikikataa watanipeleka. Nikienda ataniua, safari hii hatakosea.

Usije na nyundo yako. Ukimuua utanyongwa, nami nitabaki na jicho moja bila ndugu. Nataka umwendee umwambie nimekufa. Mwambie ulidanganya kwa sababu ya aibu. Mwambie jeraha liliingia kichwani, nikazikwa. Lia mbele yake kama mtu aliyefiwa. Ni hicho tu nakuomba.

Huku tutazika mgomba. Ni kama walivyofanya kwa babu aliyepotelea vita vya Wazungu, wakakata shina la mgomba wakalivika shati lake, wakalilia, wakalifukia, na mambo yakaisha. Shangazi Sella amekubali. Hata amefurahi, anasema sasa mauti yatapata haki yake. Baba mdogo nimemfungulia kitambaa nikamwonyesha. Alitoka nje akatapika, na tangu hapo hasemi tena habari ya mapenzi. Aliyekataa ni mama.

Lenah

*

Sarang'ombe, Kibera
24 Mei 1976

Dada,

Samahani kwa mwandiko, vidole viwili havikunjiki.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya maji. Niliacha mtungi. Nililala siku mbili nikiwaza nyundo, nikaiacha kwa msimamizi makusudi, nikaenda Kawangware mikono mitupu, jana Jumapili, baada ya ibada.

Alikuwa kwa Nereah, kiti cha mbele, watu wanamnunulia. Santuri inaimba na yeye mwenyewe anaisikiliza, macho amefumba, kama inaimbwa na mtu mwingine anayemhurumia. Nikamwita nje, hakutaka. Nikamwambia palepale. "Wekulo, nilikudanganya. Lenah amekufa. Nilikuwa naona aibu."

Akacheka. "Shemeji, wacha mchezo. Uliniambia analima maharagwe."

"Nilidanganya."

"Kwa nini udanganye? Mpaka ukanichorea njia?"

Mimi si mtu wa maneno. Nereah akaacha kuchota busaa, akaja akasimama karibu nami. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfunga kidevu alipokata roho. Unataka nini kingine?"

Wekulo akatutazama mmoja mmoja. Akatabasamu. Ndilo lile tabasamu la ndizi ulilonieleza, nililijua mara moja. "Mnanifichia mke wangu," akasema. "Jumamosi nakwenda. Mke wangu nitamkuta na nitamchukua." Alisema mke wangu kama mtu anavyosema baisikeli yangu.

Uliniomba nilie. Nilijaribu, Lenah, machozi hayakuja. Kilichokuja ni ngumi. Nilimpiga ya kwanza nikasikia pua inavunjika, laini, kama kijiti cha mhogo. Nikampiga mdomoni. Nikamtoa kitini kwa masikio, nikapiga kichwa chake kwenye meza mpaka vikombe vyote vikaanguka. Hakurusha mkono hata mara moja. Ni wale wanaompenda walionirukia. Walinipiga kwa kigoda, kwa chupa, kwa buti. Fundi wa viatu yule aliyekuwa akilia, ndiye aliyenivunja meno ya mbele. Walisema nampiga mtu aliye matangani. Ubavu mmoja uliita ukivunjika, nikausikia.

Nilipokuwa chini, mikono na magoti kwenye busaa na damu, ndipo machozi yakaja. Sikuwa naigiza. Nilikuwa nalilia jicho lako. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo, mpaka wakaacha kunipiga.

Wekulo akaniona. Akatazama muda mrefu, pua inamwagika. Kisha uso wake ukaanguka wote. "Ni kweli," akasema. "Mtu hapigi namna hii kwa ajili ya mtu aliye hai." Akatambaa akanikumbatia. Damu yake iliingia kwenye shati langu, nikasikia moyo wake ukigonga juu ya wangu. Ningeweza kumshika koo. Nilimwacha anikumbatie. Sijabeba jiwe zito kama lile.

Lakini anakuja. Si kukuchukua, anakuja kuona kaburi. Anasema asipoliona hatalala. Amesema Jumamosi ijayo, peke yake, bila wazee. Chimbeni upesi. Barua hii nimempa kondakta wa basi wa Kakamega, nimemwambia ni habari ya msiba.

Shiundu

*

Shinyalu
13 Juni 1976

Ndugu yangu Shiundu,

Pole kwa meno. Pole kwa mbavu. Nimepokea kila kitu, na nakushukuru, na sijui mtu hushukuru vipi kwa jambo kama hilo.

Tulichimba Ijumaa ile kabla hajafika. Shangazi alichagua mgomba ulio na urefu wangu, akaupima kwangu, nikiwa nimesimama. Tukauvika ile nguo yangu ya buluu, na juu ya kaburi tukapandikiza nyasi ili lionekane la zamani. Mama alikaa jikoni akisema, "Mnanizikia mtoto nikiwa naye hapa anakoroga uji." Aliyasema maneno hayo bila kupandisha sauti, tena na tena, mpaka jembe liliponyamaza. Katekista Khamala hakutaka kusali, lakini alisimama karibu kidogo na kaburi, akakohoa.

Jumamosi mimi nilikuwa ghalani, nimelala juu ya mahindi, jicho kwenye ufa.

Alikuja saa nne na gitaa lake mgongoni. Uso bado umevimba kwa kazi yako. Vijana wa baba mdogo walimngojea langoni. Walikuwa wameambiwa wamsukume kidogo, kama anavyosukumwa mume asiyewahi kuleta ng'ombe wa mahari. Hawakusukuma kidogo. Walimburuta mpaka kaburini wakimpiga kwa fimbo za kuchungia, na mmoja alikuwa na jiwe. Nilisikia mgongo wake unavyolia. Nilitaka waendelee. Nakuandikia ukweli, nilitaka waendelee, nikang'ata gunia nisiseme "ongeza." Damu ilikuwa inaingia kwenye udongo wa kaburi.

Aliyewazuia ni mama. Alitoka jikoni bila fimbo yake, akaja akajitupa juu ya kaburi, akalia. Shiundu, hakuwa anaigiza. Aliniita kwa jina la utotoni, lile ambalo hata wewe umelisahau. Alichimba udongo kwa kucha. Fimbo zote zikashuka. Hata mimi, nilipokuwa ghalani, nilijishika mkono kuona kama nina joto.

Walipomwacha, Wekulo alikaa chini akalitoa gitaa. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Akaimba kile kilio. Mdomo umevimba, maneno hayatoki vizuri.

Uliniandikia ulivyousikia mara ya kwanza. Siku ile redio ilipouimba sikuwa karibu, kwa hiyo nami sasa ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza, na nitakuambia. Ni wimbo mzuri. Ni mzuri kuliko wote aliowahi kutunga. Kuna mahali sauti inapanda anaposema mikono hii, halafu inakatika, na gitaa linasubiri, halisemi kitu. Hajawahi kuniimbia hivyo nikiwa hai. Kama ningekuwa mjinga kidogo tu, ningetoka.

Akaondoka jioni. Alimwachia mama blanketi.

Nilidhani nitashuka ghalani niendelee kuishi. Haikuwa hivyo. Jioni ile niliingia jikoni, mama akanisogezea kiti cha wageni. Alinipa chakula kwenye sahani ya wageni. Hasemi nami vibaya. Ila haniiti jina, na nikipita karibu anavuta nguo yake. Watoto wa Shivachi wakiniona kisimani wanaacha madebe. Shangazi ndiye peke yake anayezungumza nami, naye ananiambia, "Sasa ni vizuri uende, usiwasumbue watu."

Naondoka kesho alfajiri kwenda Nandi kuchuma chai. Nina kile cheti cha hospitali chenye jina la Akoth, nitakitumia. Niandikie huko kwa jina hilo. Anwani nimeiweka nyuma. Sijamuaga mama. Anajua, kwa sababu leo amenioshea nguo zangu zote, akazikunja, akaziweka nje ya mlango.

Dada yako

*

Sarang'ombe, Kibera
18 Julai 1976

Kwa Bi. Akoth,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya na kazi inaendelea. Wanasema chai hukata vidole asubuhi kukiwa na umande. Jifunge vitambaa. Mimi ubavu umeshika, meno hayarudi, natafuna upande mmoja. Yule Mkamba wa vidole amerudi machimboni, anashika nyundo kwa kidole gumba na kiganja, na anapiga kuliko mimi.

Wekulo ana mwanamke mwingine, Nereah ameniambia. Nereah alimwendea yule mwanamke mtoni akamweleza kila kitu, na yule mwanamke akamtukana.

Nilitaka kukwambia habari ya nyumbani. Wiki hii nimepata barua ya mama, kwa mkono wa katekista Khamala, kwa lugha yetu. Anasema nisishtuke. Anasema dada yangu Lenah alifariki, wakamzika vizuri kando ya migomba, watu wengi walikuja, kuni zilitosha. Anasema mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii, na watu hawawezi kunyolewa nywele za matanga kabla sijafika, kwa hiyo niombe ruhusa nije, nyumba imekaa na nywele za maiti muda mrefu.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali anaponikonyeza. Labda ni kwa sababu ya Khamala, ambaye angeisomea kijiji kizima kabla ya kuituma. Labda si hivyo. Mwishoni ameuliza kama nina picha yako yoyote, kwa kuwa yeye hana.

Nimeomba ruhusa kwa msimamizi. Aliuliza nani amekufa. Nikamwambia. Akavua kofia, yule mtu aliyeamuru vidole vya mwenzetu vifukiwe, akanipa siku nne.

Nitasafiri Ijumaa. Nitakaa mbele kwenye kigoda, shangazi atanipaka maji kichwani, na wembe utaanzia kwangu.

Wako,
Shiundu